Maombi ya Kurudisha Ushahidi Wangu Kabatini

Mchafukoge,
Dar es Salaam.

Ndugu Msajili wa Mahakama,

YAH: HUKUMU KUSOMWA NA KILA MWENYE SIMU

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na makarani wako, pamoja na yule anayepandisha hukumu kwenye tovuti, ambaye nasikia ni mtu wa bidii. Bidii yake ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Mimi ni Ansbert, muuza mapazia, na pia ni mshenga. Nimeposa mara kumi na moja na ndoa zote zimesimama. Kila nikienda kuposa nafungua kwa kisa kimoja. Mwaka 2014 nilitoa ushahidi kwenye kesi ya jirani yangu Kasmir, aliyegombania kibaraza na mwenye duka la midoli ya kuvalishia nguo. Nasimulia kwamba niliongea saa mbili nzima, Hakimu akaweka kalamu chini, wakili akakosa swali. Wazazi wa binti wakisikia hayo hulainika. Kisa hiki kimeishi miaka yote bila kumdhuru mtu, kwa sababu jalada lilikuwa kabatini, na aliyelitaka aliambiwa arudi Alhamisi.

Sasa malalamiko yangu:

1. Jumamosi iliyopita nilikwenda Mchikichini kwa akina Violeth, kumposea mpwa wangu Bryson. Nilipofika kwenye kisa changu nikataja majina na mwaka, maana kisa bila tarehe hakinogi. Shangazi wa binti, Bi Candida, akatoa simu, akavaa miwani, akasoma mbele ya kadamnasi: "Shahidi wa pili aliulizwa jina lake, akaomba maji. Alipopewa maji, akaomba kwenda chooni. Hakurudi." Watu walicheka mpaka bibi mmoja akalazimika kushikiliwa asidondoke kitini. Niliumia sana, Ndugu Msajili. Maji niliomba kweli, lakini siku ile kulikuwa na joto.

2. Tulitozwa faini ya kreti mbili za soda kwa kuwadanganya wenyeji. Tukaambiwa Jumamosi hii turudi na mshenga mwingine, la sivyo tusirudi kabisa. Tangu hapo Bryson hali chakula. Mimi pia nimesusa, isipokuwa chapati.

3. Mambo yamehamia nyumbani. Mke wangu Severa sasa anasoma hukumu tangu asubuhi. Juzi niliomba kuongezewa nyama, akanijibu, "Ombi halina mashiko, linatupiliwa mbali." Nikamuuliza nikate rufaa wapi. Akanielekeza kwa mama yake.

4. Dukani ndiyo usiseme. Wapagazi wanakaa juu ya marobota wakibishana vifungu vya sheria, na mzigo wangu uko pale pale chini yao. Mteja hanunui pazia mpaka atafute kwanza jina langu kwenye simu. Jana mmoja aliniuliza bei, na kabla sijafungua mdomo akanikabidhi chupa ya maji.

Kwa hiyo naomba hukumu zote zirudi kabatini. Ikishindikana, anayetaka kusoma alete barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha mbili za pasipoti na idhini ya maandishi ya shahidi mwenyewe. Ikishindikana kabisa, basi pale palipoandikwa "Hakurudi" paandikwe "Amechelewa kurudi", kwani niko hai na naweza kuja hata kesho. Sipingi umma kujua. Umma ujue tu mambo ya watu wengine.

Nisalimie Waheshimiwa Mahakimu, walinzi wa getini na wote wanaosubiri tarehe zao kwenye mabenchi. Severa naye anawasalimu, tena kwa furaha ambayo mimi sikuipenda.

Wako katika kutafuta haki isiyosomeka,

Ansbert
Mshenga

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha, nikasema hebu niandike jina la Bi Candida kwenye tovuti yenu, basi tu. Yumo! Kurasa kumi na nne! Alimshtaki fundi aliyemshonea sare ya kwaya ikambana. Fundi akatoa karatasi ya vipimo, mwandiko wa Bi Candida mwenyewe, na kiuno kajipunja inchi sita. Ndugu Msajili, nakuomba sana msifunge kitu chochote. Ukurasa wa tisa haufunguki vizuri kwenye simu yangu. Urekebisheni kabla ya Jumamosi, maana mshenga ni mimi.