Meza Mbili za Kamanda Thornaby

Kwa heshima na taadhima ilitangazwa kwamba ndege za vijana za uwanja wa Skelby, zile glaida zisizo na injini, zimetimiza miaka mitatu bila ajali hata moja. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa banda. Ndani ya banda ndege zenyewe zilikuwa zimelala chini ya maturubai, miaka mitatu ileile, hazijaruka hata kimo cha kuku.

Kamanda Giles Thornaby alilisoma tangazo lake mara mbili, akaridhika. Yeye ndiye aliyezisimamisha, na angefanyaje? Miaka mitatu nyuma alifungua daftari za matengenezo akakuta mzee Norman, fundi, ametia sahihi penye "Aliyetengeneza", na mstari wa chini, penye "Aliyekagua", sahihi ni ya Norman yuleyule.

"Unajikagua mwenyewe, mzee? Mganga hajigangi!"

"Sasa afande, Jumamosi, na mvua hii, nimwite nani akague? Kondoo?"

Ndipo Kamanda alipoandika Kanuni ya Saba: chochote kilichokaguliwa na mkono uleule uliokitengeneza, kisimame mpaka mtu wa nje akikague. Kanuni tamu, hata leo akiisoma roho yake husuuzika. Mtu wa nje alikuwa bado anatafutwa. Kamati ya kumtafuta ilikuwa imekutana mara kumi na nne na kumaliza biskuti zote za tangawizi.

Wakubwa walipotaka usalama uwe na msimamizi huru, Kamanda hakusita, aliomba meza ya pili. Akikaa meza ya dirishani alikuwa Mkuu wa Usalama. Akihamia ya mlangoni, Msimamizi Huru wa Usalama. Ya dirishani iliiandikia barua ya mlangoni, nayo ya mlangoni ilingoja siku kumi za kazi, kama utaratibu unavyotaka, ndipo ikajibu kwa ukali wa wastani. Kuna wiki meza hizo zilinuniana, na ofisini hakukukalika.

Alhamisi moja akaingia kadeti Tamsin Hebden, vumbi la banda mpaka kwenye nyusi.

"Afande, Jumapili natimiza miaka ishirini. Natolewa, umri wa ukadeti unaniishia. Nilijiunga ili niruke, na sijawahi kupanda juu zaidi ya ngazi ya kupangusia madirisha. Kazi yangu kufagia tu. Buibui wote wa banda nawajua kwa majina."

Kamanda alimwonea huruma, kwa kweli. Lakini kanuni ni kanuni. "Usalama kwanza, binti. Kama kuna kinachokutia wasiwasi, jaza fomu ya hatari. Iko wazi kwa kila mtu, toka kadeti hadi jenerali."

"Nimeshajaza." Akaiweka juu ya meza ya dirishani.

Kamanda akasoma. Kifaa chenye hatari: Msimamizi Huru. Kilipo: meza ya mlangoni. Aliyekiteua: G. Thornaby. Aliyekagua uteuzi: G. Thornaby. Maoni: mganga hajigangi.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akainuka aende meza ya mlangoni akaikatae fomu.

"Hapana, afande. Hiyo ndiyo inayoshtakiwa."

Akakaa tena. Angeweza kuichana ile karatasi, nani angejua? Lakini Kanuni ya Saba aliipenda mno, aliizaa mwenyewe. Akaandika: Kisimame.

"Angalau hii ya dirishani ni salama," akasema.

"Hii ilikaguliwa na ile, afande."

Basi zikasimama zote mbili. Kwa kuwa hapakuwa na meza ya kuizuia fomu, ikapanda yenyewe mpaka kwa wakubwa, na Jumamosi asubuhi akaja mtu wa nje: Bi Gwenda Pryce, mkaguzi wa ndege za kiraia, mwenye nyumba ng'ambo ya barabara.

"Miaka yote mitatu ulikuwa hapo?" Kamanda aliuliza.

"Nilikuwa hapo. Nani aliniita?"

Akafungua, akagonga, akavuta, akanywa chai ya chupa yake. Ndege tatu akazipitisha. Ya nne akaichungulia mkiani. Waya wa usukani ulikuwa umelika, umebaki nyuzi mbili.

"Haiwezekani," Kamanda akasema. "Hiyo ndiyo pekee yenye karatasi kamili. Ina mihuri ya meza zote mbili, na ya mlangoni ilihesabiwa mtu wa nje. Ilikuwa iruke mwezi ujao."

"Na mtoto wa nani ndani yake?" Bi Gwenda akauliza.

Kamanda akavuta ndoo. Akaipindua, akakaa juu yake.

Alasiri Tamsin akapaa na mwalimu wa urubani, katika moja ya ndege zilizopitishwa. Ncha ya bawa, isiburuze chini, ilishikwa na mtu asiye na karatasi, akakimbia nayo kwenye majani mpaka ikamponyoka. Alikuwa Kamanda, akihema, macho yamemlowa. Binti alishuka akicheka na kulia kwa pamoja.

"Na mimi?" Kamanda akamuuliza Bi Gwenda. "Utanikagua lini nirudi mezani?"

"Siku kumi za kazi," Tamsin akamjibia, akampa ufagio. "Zikizidi, afande, yule buibui mkubwa wa pembeni anaitwa Edwina. Usimguse utando wake."