Upande Wetu Tumetulia

Jumatatu, 3 Machi

Mkamwana ametangaza mezani: mjukuu wangu Chiriku atapelekwa kliniki kupimwa ADHD. Ni hali ya ubongo, anasema. Mtu hatulii, anasahau, anaanza kumi hamalizi moja. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeshauri. Wiki iliyopita Chiriku alitoka darasani kupitia dirishani, katikati ya hesabu, kwenda kumtazama kinyonga. Ana miaka tisa. Hata mimi ningetoka.

Ubaya ukaja baadaye. Mkamwana akasema hali hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Mama yake, yaani mkwe mwenzangu, mwalimu mkuu mstaafu, akaweka kijiko chini taratibu na kusema upande wao wote ni watu watulivu. Kisha akanitazama. Kwa bahati mbaya wakati huo nilikuwa juu ya kiti, nikipima dirisha la sebuleni kwa ajili ya mapazia ambayo hakuna aliyeyaagiza. Nimeshona mapazia maisha yangu yote. Jicho halistaafu.

Nimeamua. Mtoto atafaulu kipimo hicho.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo ya kutulia yameanza. Nilimketisha Chiriku kwenye kiti, mikono magotini, macho ukutani. Nikaketi mbele yake niwe mfano. Nikakumbuka maharage jikoni. Njiani nikauona mkasi nilioutafuta mwezi mzima. Mkasi ukanikumbusha kitambaa cha mteja wa ghorofa ya pili, kitambaa kikanikumbusha kwamba pete za pazia zimeisha, nikatoka kwenda dukani mara moja. Nikarudi na balbu, sabuni na habari zote za ndoa ya muuza duka. Pete sikununua. Maharage yalikuwa makaa. Chiriku bado ameketi, mikono magotini. Akauliza kama mtihani umekwisha, na kama Bibi naye amefaulu.

Nimefungua madirisha yote. Mkamwana anadhani jirani anachoma takataka.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Tulikuwa tumekubaliana na Chiriku: nikikohoa, tulia. Nilikohoa mpaka nesi akaniletea maji na barakoa.

Daktari ni dada mwenye sauti ya kumlaza mtu. Kila alipomwuliza Chiriku jambo nilijibu mimi, mara nyingine kabla swali halijaisha. Akasema kwa upole kwamba hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Keshazungumza na mwalimu na wazazi, na mtoto anaweza kutulia kama nguzo mbele ya daktari huku nyumbani na shuleni anahangaika. Kwa hiyo mafunzo yote bure. Ndipo Chiriku akaeleza, bila kuulizwa, kwamba Bibi amesema asipotulia wale wa upande wa mama watashinda.

Mkamwana akatazama dari. Mimi nikatazama pazia. Lilikuwa limening'inia kwa pete tatu, aibu tupu. Nilipojitambua nilikuwa juu ya kiti cha daktari, pete ya nne mkononi.

"Mama," daktari akasema taratibu, "na utotoni ulikuwa hivi hivi?"

Nikasema mimi? Nilikuwa mtoto mtulivu kupindukia. Akasema watu wazima nao hupimwa, na wengine hujigundua kupitia watoto au wajukuu wao. Nikitaka, Jumatatu kuna nafasi. Mkamwana akanijibia kwamba nataka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala nikiwa na hasira, nimeamka nikiwa na mpango. Nitakwenda. Nitaonekana sina kitu. Kisha nitamwalika mkwe mwenzangu chai nimsimulie polepole.

Kuna kikwazo kimoja. Hali hii huanza utotoni, kwa hiyo daktari anataka kumsikia mtu aliyenijua nikiwa mdogo. Aliyebaki ni Kaka, fundi baiskeli. Nimekwenda karakanani kwake nikamfundisha sentensi moja: "Alikuwa mtulivu." Akairudia mpaka nikaridhika. Nikasahau mkoba wangu huko. Nikaurudia. Nikasahau mwavuli.

Jumatatu, 10 Machi

Kaka alianza vizuri. Akasema, "Alikuwa mtulivu." Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasimulia nilivyotumwa chumvi nikarudi jioni na mbuzi wa watu, chumvi hakuna. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ulikuwa wa daktari.

Kisha Kaka akaacha kucheka. Akasema nilichapwa sana kwa kusahau. Kesho yake naamka kabla ya wote, najaribu tena, nasahau tena.

"Hakuwa mvivu huyu," akasema. "Pale nyumbani hakuna aliyejitahidi kama yeye."

Nililia kidogo. Nikamfikiria Chiriku. Huyo hakuna atakayemchapa, mimi nipo.

Jumatano, 19 Machi

Majibu yametoka. Tunayo, wote wawili.

Wazazi wa Chiriku watafundishwa namna ya kumwongoza. Mwalimu atamketisha mbele na kumpa kazi vipande vipande. Dawa ataanza kwa dozi ndogo, huku akipimwa uzito na mapigo ya moyo. Mimi, presha yangu ishuke kwanza ndipo tuzungumze dawa. Kwa sasa nimepewa mshauri wa kunifundisha kushika jambo moja.

Nadhani nilitakiwa kuhuzunika. Nimerudi nyumbani mwepesi, kama niliyetuliwa gunia. Miaka yote naitwa kichwa maji, kumbe kuna jina la heshima! Nimemwambia muuza duka, mteja wa ghorofa ya pili, na mtu mmoja aliyekosea namba ya simu.

Jumamosi, 29 Machi

Dawa zilimpunguzia Chiriku hamu ya kula, daktari akabadilisha saa ya kumeza. Leo amesoma hadithi nzima mpaka mwisho, kisha akatusomea mezani. Mkamwana alijifanya anakuna jicho.

Baada ya chakula mkwe mwenzangu akanivuta jikoni, akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ukali wake wote ni kujishikilia tu. Asipoandika kila kitu mkononi, anapotea. Alipiga kengele ya shule kwa wakati kwa sababu alikuwa amesimama chini yake tangu alfajiri, akiogopa kusahau. Akauliza kama yule daktari anapokea watu wa umri wetu. Nikapiga simu kliniki papo hapo; nafasi yake ni Alhamisi.

Nilimshika mkono. Nilimwonea huruma kweli, karibu dakika nzima.

Kisha nikafikiri. Ukuu wa shule anao. Sahani nzuri anazo. Sasa anataka na hili? Hili ni la upande wetu.

Daktari atahitaji mtu aliyemjua utotoni, na ndugu zake wako mbali. Nimejitolea. Nitasema alikuwa mtulivu kupindukia. Ni kweli kwamba tulikutana mara ya kwanza kwenye harusi ya watoto wetu, lakini bado nina mpaka Alhamisi kuutunga huo utoto wetu.