Kutu, Albamu Ambayo Nilisema Naijua

Jumatatu, 3 Juni
Habari kubwa hapa kambini Mantapala. Aurélie anatafuta mpiga gitaa. Siku ya Wakimbizi bendi yake itapiga mbele ya kambi nzima, na aliyekuwa akipiga amerudi Pweto, Kongo. Mimi Ruffin nimepiga gitaa kwenye kwaya miaka mingi. Nafasi ni yangu. Tatizo ni Mwenze, naye anaitaka. Mwenze alisoma Lubumbashi na hachoki kutukumbusha.

Aurélie anasema anataka mutu anayeipenda Kutu, albamu ya rock ya vijana fulani wa Likasi. Nikamwambia naijua tangu zamani. Sijawahi kuisikia. Alifurahi, akanitumia kwenye simu ili nijikumbushe. Mwanamke mwenye roho nzuri.

Jumanne, 4 Juni
Radio imekufa. Nimeunganisha simu, nikaweka Kutu, ikaanza kukwaruza, halafu sauti ya bati linaloburutwa juu ya mawe, halafu mutu akalia kama mbuzi. Nimeifunga kwenye baiskeli, nikaipeleka mpaka Kashikishi kwa fundi Kapembwa. Akaifungua, akaifunga. Akaweka wimbo wa kanisa: safi. Akaweka Kutu: mbuzi yule yule.

“Radio iko muzima,” alisema kwa Kiswahili chake cha soko. “Ni mwimbo njo iko vile.” Kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna matatizo.

Mpango mpya: sitaisikiliza. Nitaisifu tu.

Ijumaa, 7 Juni
Siku mbaya. Jana usiku niliichungulia Kutu mwishoni tu, nipate cha kusifu. Mbele ya bendi nzima nilisema kitu kinachonigusa zaidi ni ule ukimya mrefu kabla ya wimbo wa mwisho. Ukimya unaosema. Niliona hata mpiga ngoma, Cadette, anaitikia kwa kichwa. Aurélie akasema hakuna ukimya pale. Kumbe mtandao ulikata, nusu ya wimbo unaotangulia ule haikufika kwenye simu yangu. Mwenze alicheka mpaka akakalia ngoma ya Cadette.

Nilidhani Aurélie atanifukuza. Akanitumia wimbo upya, akatuambia mimi na Mwenze tuje Jumatano na magitaa, achague.

“Ya Ruffin, kaka yangu, usiisikilize kama kwaya,” alisema. “Unangoja wimbo uanze. Umeshaanza.”

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nilienda ufukweni Kashikishi, mahali ambapo mutu wa Mantapala hawezi kuniona nikiteseka. Wanawake walikuwa wanaanika chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa, na injini za mitumbwi zinanguruma. Nikakaa, nikaweka Kutu, nikaacha kungoja.

Kwanza nikatambua lile bati. Ni mashine ya kusaga mihogo. Chini yake gitaa la besi linatembea polepole, halina haraka na mutu yeyote. Halafu magitaa mawili, kila moja na mwendo wake, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Huu mchi unashuka, ule unapanda, na haigongani. Mara moja tu inashuka pamoja. Nikarudisha nyuma nipasikie tena.

Na yule si mbuzi. Anaita jina la mutu. Analirudia mpaka jina linavunjika mdomoni. Siku tuliyokimbia, mama aliita Chouchou, dada yangu mdogo, barabara nzima, namna ile ile. Tulimpata jioni. Lakini sauti ile sikuwahi kuisikia tena kwa mutu mwingine mpaka leo.

Nilirudia albamu yote tangu mwanzo. Wanawake walikusanya chisense wakaenda zao. Nani aliwafundisha vijana wale kufanya hivi? Nawaheshimu.

Jumatano, 12 Juni
Asubuhi nilimwambia Mwenze kwamba mazoezi yamehamia kijiji cha Kafutuma, nje ya kambi. Akaenda kwa baiskeli. Akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, amekasirika, na alipopiga, hasira ile ikampa vidole ambavyo sijawahi kuviona. Kosa langu.

Nikapiga mimi. Uzi mmoja, polepole, nikikosea hapa na pale. Aurélie alifumba macho.

Amesema Mwenze anakwenda mbio na mimi namngoja, na Kutu inahitaji wote wawili. Ametuchukua pamoja. Nitatwanga na Mwenze kwenye kinu kimoja. Hanisemeshi.

Alhamisi, 20 Juni
Tumepiga. Mashine ya kusaga tuliiazima kwa Papa Albert, ambaye alisimama kando yake akiilinda. Mwanzoni watu waliangalia spika wakidhani zimeharibika. Wazee wengine waliondoka. Halafu Aurélie akaanza kuita lile jina, na kelele za uwanja zikaisha. Nilimwona mama amemshika Chouchou mkono, na Chouchou sasa ni mrefu kumpita. Mimi na Mwenze tukashuka pamoja pale panapotakiwa. Aliniangalia. Nadhani alitaka kutabasamu.

Baadaye akaja Given, kiongozi wa kwaya ya Kafutuma. Alikuwa amevutiwa sana. Akaniuliza kama najua kusoma nota, maana wanatafuta mwalimu. Nikamwambia nimefundisha nota Kongo nzima. Kwaya yote inakuja Jumamosi.

Mwenze anajua nota. Kesho nitamwomba anieleze zote, tangu ya kwanza. Nitamwambia nampima, nione kama bado anazikumbuka.