Ukoo wa Entwistle Waenda Posa

Jumatatu, 2 Oktoba 2006
Jumamosi napeleka posa kwa kina Avelina. Baba yake, Mzee Elinaja, anataka kuwaona wazee wa ukoo wangu. Godlisten alipomposa dada mtu, Doris, alikuja na wazee sita wenye makoti, na nyumba ile mpaka leo haina habari nyingine. Mimi Minnesota nzima nina baba mdogo mmoja, Maurice, mfagiaji wa hospitali Saint Paul. Nikimpeleka yeye peke yake, Godlisten atanicheka mpaka Krismasi.

Dawa nimeipata. Mimi ni Ambakisye Entwistle. Babu alimpikia Mwingereza wa jina hilo kule Tukuyu, karani wa shule akaliandika kuwa ndilo la ukoo, likaganda. Mtandao wa maktaba ya Richfield unasema asili yake ni Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, na wenyewe wengi wako huko huko mpaka leo. Ukoo mkubwa! Kitabu cha simu kina watano wa hapa.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimewapigia wote. Wawili wamekata simu. Mmoja alidhani nauza bima. Mwingine hapokei. Wa tano, mstaafu wa Maple Grove, kafurahi mno: ana miaka ishirini anautafiti ukoo. Nimemwambia mimi ni ndugu. Nimempa anwani ya kina Avelina; Jumamosi atakuja na makaratasi. Habari ya posa sikumweleza sana. Mambo mengine mtu huyaelewa akishafika.

Jumamosi, 7 Oktoba
Aibu. Yule mstaafu Mzungu alifika kwa kina Avelina kabla yangu. Naingia, kashatandaza ramani juu ya sambusa. Saa mbili nzima akaeleza kwamba jina letu maana yake ni mahali mto unapogawanyika, penye bata, na kwamba wazee wake walikuwa wafumaji wa nguo. Mzee Elinaja alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza amenijua tangu lini. Akasema tangu Jumatano, kwa simu. Avelina akainuka, akaenda jikoni.

Mzee hakukasirika, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Alisema binti yake haozwi kwa kitabu cha simu. Nirudi Jumamosi ijayo na mtu wa damu yangu, hata mmoja, ama nisirudi kabisa.

Jumapili, 8 Oktoba
Nimekwenda kwa baba mdogo. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema suti kainunua tangu Machi, aliposikia nina mchumba. Alikuwa anangoja tu nimwambie. Nimelia mbele yake. Avelina kapiga simu, anasema sasa ndiyo nimeanza kuwa na akili.

Alhamisi, 12 Oktoba
Baba mdogo anaendelea vizuri na masomo ninayompa. Miji ya Lancashire, Bolton, Bury na Blackburn, anaitaja bila kusita. Akiulizwa kwetu ni wapi, atajibu Lancashire. Ameniuliza mara mbili kama Tukuyu nayo itatajwa. Nimemwambia ikibaki nafasi.