Joto la Mama Beda

Jumatatu, 3 Novemba 1952
Joto limenipanda tena, tena mbele ya mashemeji! Kanga imelowa jasho. Siku zangu sijaziona tangu Pasaka ya mwaka jana. Nimemwambia mume wangu Lupakisyo, mnyapara wa shamba la katani, kuwa ni malaria. Kila Jumamosi huenda Malolo, na akirudi anamsifia binti mmoja wa huko. Akijua nimekoma, ataniletea mke mwenza. Nimemeza kwinini. Chungu hiyo!

Jumatano, 5 Novemba
Tambiko la mvua ni Jumapili. Anayechuja pombe lazima awe mwanamke aliyekoma, la sivyo pombe inaharibika. Huyo hukaa mbele, hunywa wa kwanza. Filomena, jirani yangu mjane, ameshaanza kujipitisha. Ati yeye! Nikamwendea Bibi Selestina, mkubwa wa tambiko, nikampa shikamoo ya kupiga goti na kumnong'oneza hali yangu. Kanipa kazi. Nikamsihi asimwambie mume wangu. Akasema joto hilo si ugonjwa, litapita. Nile mboga na maharage, nitembee, nipunguze pombe, niache kwinini. Wazee wana maneno mengi.

Ijumaa, 7 Novemba
Kwinini bado nameza, masikio yanavuma. Cleopa, dresa wa zahanati ya shamba, kanipima: hakuna malaria. Akauliza umri. Nikasema thelathini na sita. Akasema Beda mwanangu ana ishirini na saba, alisoma naye darasa moja. Hana adabu kabisa!

Jumapili, 9 Novemba
Padri kaambiwa naumwa, siji misa. Pombe nimeichuja, safi. Mimi mbele, Filomena nyuma. Raha iliyoje! Mara namwona Lupakisyo kati ya watu. Bibi Selestina akatangaza kwa sauti kuwa mchujaji ni Hildegarda, mke wa mnyapara, amekoma tangu mwaka jana. Nilitamani ardhi inimeze.
Nyumbani nikalia, nikamwambia mume wangu aoe tu. Akashangaa. Akasema amejua zamani, blanketi namtupia yeye kila usiku. Yule binti wa Malolo anamposea Beda. Akaongeza kuwa mke mmoja kama mimi anamchosha vya kutosha. Nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Jumatatu, 10 Novemba
Moyo umetulia. Ila Alhamisi tunakwenda Malolo kuposa, na wakwe watataka kumwona mama yake Beda. Wanione mzee? Thubutu! Nimepata njia. Nitajitambulisha kuwa mke mdogo. Mke mkubwa, mama yake Beda, atakuwa Filomena, nikimbembeleza.