Takdimu kwenye Foleni ya Bucha

Jumanne, 1 Machi 1955

Takdimu: kulitanguliza katika sentensi neno ambalo kwa kawaida hukaa nyuma, ili msikilizaji alipokee kabla ya mengine. Kinyume chake ni taahiri, yaani kulichelewesha neno ambalo lilistahili kutangulia. "Yusufu amemchinja mbuzi" ni mpangilio wa kawaida. "Mbuzi Yusufu amemchinja" ni takdimu.

Jina ni la Waarabu. Wanazuoni wao wa mwanzo walisema mtu hutanguliza lile analolijali zaidi. Waliofuata wakawakosoa: kusema "analijali" hakutoshi, sema kwa nini. Wayunani waliita anastrofe, kugeuka nyuma. Salesio, mwalimu wa shule ya misheni aliyesoma Kilatini seminari, hushikilia inversio. Nimemweleza kwamba Warumi wa kale walilitumia neno hilo kwa usemi unaotamka hili na kukusudia lile. Maana ya mpangilio ililiingia baadaye. Hucheka. Husema neno ni kama koti, likimtosha halivui. Huo ndio usomi wa misheni!

Jumamosi ofisa wa elimu atatusikiliza, mimi na yeye, robo saa kila mmoja. Atakayechaguliwa atakwenda Embu kuwafundisha makarani wa mahakama Kiswahili sanifu. Sina shaka juu yangu. Ila sijawahi kufundisha watu wazima. Wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani ni watoto, nao hulala.

Nahitaji watu wazima wa kufanyia mazoezi. Kikwazo: Hali ya Hatari. Mkutano bila kibali ni kosa. Nilikwenda ofisi ya D.C., mkuu wa wilaya, kuomba. Karani akauliza mkutano wa nini. Wa kutanguliza, nikajibu. Kumtanguliza nani? Nikaanza na Wayunani. Akaniambia nirudi siku nitakayokuwa mzima.

Mpango! Kila asubuhi watu wazima husimama mbele ya bucha ya Yusufu, hapa Majengo. Foleni haihitaji kibali.

Niandike shukrani kabla sijalala. Yusufu amenipa chumba nyuma ya bucha tangu mwaka juzi, na supu kila asubuhi, na hajawahi kuniuliza takdimu ni nini. Ukarimu wa pekee.

Jumatano, 2 Machi

Somo lilianza vizuri mno.

Niliitumia foleni yenyewe kuwa sentensi. Mama Igoki, aliyefika alfajiri na kuwa wa kwanza, nilimfanya "Yusufu". Fundi viatu nikamfanya "amemchinja". Kithaka, mfanyabiashara wa Siakago anayemletea Yusufu mbuzi, alikuwa amesimama mwisho kabisa. Akawa "mbuzi". Kithaka akalalamika kwamba ametembea na mbuzi kutoka Siakago, vumbi lote hilo, na sasa mwalimu amemfanya yeye ndiye mbuzi? Watu wakaangua kicheko. Usikivu kamili! Nikasema: tazameni sasa takdimu. Nikamshika mkono Kithaka, nikamtoa mwisho, nikamsimamisha mbele.

Hapa nilisahau jambo dogo. Katika bucha ya Yusufu, aliye mbele ndiye hupewa maini.

Kithaka hakusahau. Aliomba maini. Igoki akasema yeye ni Igoki, si Yusufu, wala hajawahi kuwa Yusufu, na maini ni yake. Nikamweleza kwamba cheo chake cha kisarufi hakijabadilika hata akikaa nyuma. Akamtandika Kithaka kwa kikapu chake cha kiondo. Fundi viatu akanipigia kelele akitaka kujua yeye atachinja nani. Kelele zikamleta Njue, homugadi, yaani mgambo wa serikali, wa kizuizi cha barabarani cha Makutano, na bunduki yake begani.

Njue akatuhesabu kwa kidole. Akasema huu ni mkutano. Nikamsahihisha kwa utulivu: si mkutano, ni sentensi. Akataka kujua mahali hapa ni pa nani.

Kumbe sheria humshika mwenye mahali! Njue aliichukua leseni ya Yusufu ukutani na kufunga mlango. Isipotolewa amri ya kuirudisha kufikia Jumatatu, itafutwa, na bucha itapewa mtu mwingine.

Nashukuru kwamba mimi sikuulizwa jina.

Alhamisi, 3 Machi

Yusufu hakunilaumu. Ameketi mlangoni akinoa kisu ambacho hakina kazi. Baba yake aliifungua bucha hii kwa mikono yake. Kila lori la askari likipita barabarani, hunyanyua kichwa, kisha hurudi kunoa.

Mkewe, Mwanakombo, alinilaumu kwa wote wawili. Mwalimu Idrisi, akasema, jana umetulisha maneno, haya, leo tupike nini? Kithaka naye yupo uani na mbuzi ambao hawana wa kuwachinja. Pasi yake ya kuwa mjini inaisha Jumapili. Akikutwa Jumatatu atapandishwa lori la askari kwenda kizuizini. Kila nikipita huniuliza kama leo mimi pia ni mbuzi, au amebaki peke yake.

Lakini supu niliachiwa mlangoni. Ya mifupa ya jana. Nilikunywa huku machozi yakinitoka. Pilipili kidogo, shukrani zaidi. Nikaapa kuirudisha leseni.

Nimeandika barua kwa D.C. Kazi safi kupita zote nilizowahi kuandika. Nimetumia taahiri: nimeanza na Wayunani, nikashuka kwa Waarabu, nikawakosoa Warumi, na jina la Yusufu nimelichelewesha hadi mstari wa mwisho. Kinachosubiriwa huwa na uzito.

Karani alisoma ukurasa wa juu. Akazipima kurasa zilizobaki kwa kiganja, kama mtu anayenunua nyama. Kisha akaigonga muhuri: Elimu. Wakaipeleka kwa ofisa wa elimu.

Wametambua usomi! Namshukuru karani yule, ambaye Jumanne nilimdhania vibaya.

Jumamosi, 5 Machi

Niliitwa kwanza. Nilikuwa na mpango ambao Salesio asingeuota: dakika kumi na tatu za historia ya istilahi, na mbili za mwisho, ghafla, kwa sauti ya chini, bucha ya Yusufu. Ofisa angetikisika.

Nilikuwa ndio kwanza nawafikia Warumi aliponyanyua saa yake na kusema asante, imetosha. Nikamwomba dakika moja. Akasema asante kwa sauti nyingine.

Nikakaa. Nje ya dirisha nilimwona Mwanakombo amesimama ng'ambo ya barabara na leso yake ya kila siku, akinitazama usoni ili ajue. Nikatazama chini.

Salesio akasimama. Hakutaja Kilatini. Neno lake la kwanza lilikuwa "bucha". Bucha ya Yusufu imefungwa, Bwana, akasema, kwa ajili ya somo la mwenzangu huyu. Hakukuwa na siasa pale, kulikuwa na sarufi na maini. Na leseni ikifutwa Jumatatu, watu wasio na kosa watakosa riziki. Ofisa akafungua faili, akaitoa barua yangu, akauliza kama haya ndiyo yaliyomo humu. Salesio akasema bila shaka, mwishoni. Ofisa akaenda mwishoni. Akamkuta Yusufu! Alicheka hadi miwani ikamtoka. Akauliza maini yalimwendea nani. Akaandika karatasi kwa D.C. na kumtuma tarishi papo hapo.

Robo saa ya Salesio ikaishia hapo. Hakufundisha hata sentensi moja.

Amechaguliwa yeye. Ofisa alisema makarani wanahitaji mtu wa kuanza na jambo lenyewe.

Njiani nilimuuliza Salesio kwa nini alihatarisha nafasi yake kwa ajili ya bucha ambayo si yake. Akaniuliza, kwani mwalimu, ulidhani mimi hunywa supu wapi? Kisha akanipiga bega na kusema kwamba barua yangu ilikuwa nzuri, kuanzia nyuma.

Nilimshika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Jumatatu, 7 Machi

Leseni imerudi ukutani. Njue aliileta mwenyewe, akabaki kununua mbavu. Kithaka aliuza mbuzi wote jana kwa Yusufu, akaondoka kwenda Siakago kabla pasi haijaisha, akaniachia salamu: mee.

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Igoki mbele, kama kawaida. Salesio alifika kuaga na kusimama mwisho. Mwanakombo akamwona, akamwita mbele ya watu wote. Igoki, yule yule wa kiondo, akasogea kando pasipo kuambiwa. Salesio akapewa maini yote yaliyokuwepo, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Nikafungua kinywa kuwaeleza kwamba hii hasa ndiyo takdimu. Mwanakombo akaniangalia akiwa na kisu mkononi. Nikafunga kinywa.

Nilipewa supu. Yusufu alinijazia bakuli, na alipokuwa akijaza aliuliza, kwa mara ya kwanza, hiyo takdimu hasa ni nini. Nikamsogezea bakuli, anywe yeye kwanza.

Sasa jioni. Nimeanza kumwandikia Salesio barua ya shukrani, maana anaondoka Alhamisi kwenda Embu. Nimewashukuru Wayunani. Nimewashukuru Waarabu. Kesho Warumi, kisha karani, ofisa, Mwanakombo na Yusufu. Jina la Salesio nimelihifadhi kwa mstari wa mwisho, lipate uzito unaolistahili. Nikiharakisha, huenda nikalifikia Ijumaa.

Na jambo jingine. Bombani akina mama husubiri maji asubuhi nzima, wengi, watu wazima wote. Kusubiri maji hakuhitaji kibali.

Lakini swali la wanazuoni bado linanisumbua, wala barua hii hailitatui: mtu ambaye moyo umemjali kuliko wote, je, anapaswa kutajwa kabla ya kila mtu, au baada yao?