Vita Vyangu na Mita ya Umeme

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaja kifua mbele. Ni kaka wa mke wangu, fundi umeme. Amefunga paneli za jua juu ya paa lake, basi hapumui bila kuzitaja. Kasema nyumba yangu inaharibu dunia kuliko kiwanda cha saruji. Mbele ya mke wangu! Nimemwambia Jumamosi tulinganishe matumizi ya wiki nzima. Kacheka hadi kashika ukuta.
Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza na jiko. Maharage yakichemka tu, unazima jiko, unaifunika sufuria blanketi, yanajiivia yenyewe. Sayansi! Nikaongeza na koti langu zuri, joto lisitoroke.
Jioni maharage yalikuwa kama kokoto. Koti lilikuwa limeiva vizuri.
Mke wangu alitafuna kwa taabu. Kisha akaniuliza kama dunia imeshapona.

Jumatano, 5 Machi
Maji niliyoogea nimemwagia maua ya mke wangu. Maua yamenuna. Mke wangu pia.

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Nimesoma mita, nikapekua na risiti za miezi iliyopita. Umeme umeshuka karibu nusu. Maji nayo! Nimecheza pale pale ukumbini na ndala zangu.
Mke wangu hakucheza. Alikunja kanga aliyokuwa ameishika, akasema taratibu, "Baba watoto, si blanketi lako hilo. Mwenye kuoga nusu saa hayupo. Mwenye kupiga pasi kila asubuhi hayupo."
Nikakaa chini.
Binti yetu, kitinda mimba, ameanza kazi ya uuguzi mji mwingine. Ameondoka mwezi uliopita tu. Nimemgombeza kwa ajili ya taa ya chumba chake tangu yuko shule ya msingi. Leo niliikuta imezimwa, kitanda kimetandikwa, hakuna hata soksi sakafuni. Nikaiwasha. Nikakaa kitandani pake. Mke wangu akaja akakaa karibu yangu, tukatazama ukuta kama tunaangalia sinema.
Hatukuizima.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi mlango umegongwa. Nikajua ni shemeji. Kumbe binti yetu! Amepata mapumziko ya siku mbili, hakutuambia kitu. Mke wangu alipiga kelele, majirani wakachungulia.
Kufika saa nne, kila taa inawaka. Simu inachajiwa, pasi iko moto. Friji iko wazi, yeye kasimama mbele yake anafikiri. Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Nikaurudisha.
Shemeji akatokea na namba zake kwenye karatasi. Akainama kwenye mita yetu, namba zinakimbia kama zinafukuzwa. Bafuni maji yanamwagika na mtu anaimba vibaya kwa sauti kubwa.
Nikamwambia nimeshindwa. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisikiliza ule wimbo mpaka mwisho, kisha akasema kwake umeme unabaki siku hizi, wanawe wote wameshahama, hakuna wa kuumaliza.
Nikamvuta ndani kwa mkono. Tumekula wote wanne. Maharage yamechemshwa kwa moto, mwanzo hadi mwisho.

Jumapili, 9 Machi
Tumemsindikiza binti yetu stendi. Mke wangu alimfungia chakula cha kulisha wodi nzima. Mimi nilimwambia azime taa anakokaa. Akanikumbatia, akasema atajaribu. Hatajaribu. Afadhali.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji kapiga simu. Eti umeme tuuache, sasa tushindane takataka: nani anatupa kidogo. Anadhani nimechoka! Nimekwenda mbio kununua minyoo ya kugeuza maganda kuwa mbolea. Ndoo sina. Minyoo nimeiweka kwa muda kwenye beseni la mke wangu la kufulia, nikaifunika vizuri.
Safari hii simwachii shemeji hata nafasi ya kupumua.

Baadaye. Mke wangu alitaka kufua.
Naandika haya nikiwa barazani. Mlango umefungwa kwa ndani. Hewa ni safi, na umeme situmii hata chembe. Lazima nimwambie shemeji.